Dragon Con: Nendeni Pamoja, Msitembee Pamoja

Wapo watu waliodumu katika urafiki tangu sekondari, wakaja kununiana kwa sababu ya chumba kimoja cha hoteli. Tamasha la Dragon Con lina kila kitu cha kuwafikisha hapo: siku tano, usingizi wa mang'amung'amu, lifti zilizosheheni, bei za katikati ya jiji la Atlanta na umati ambao miaka ya karibuni umepita watu 70,000. Pamoja na hayo yote, kwa mpenzi wa hadithi za kisayansi na fantasia sijui mahali pazuri zaidi pa kwenda na wenzake. Kuna kundi linalorudi nyumbani likicheka, na kuna kundi ambalo kila mtu huondoka na teksi yake. Mara nyingi kinachoyatofautisha ni yale yaliyokubaliwa kabla ya safari, na kubwa kati ya hayo ni hili: nendeni pamoja, ila msitembee pamoja.

Najua shauri hili linatuingia kwa taabu. Sisi arusini huenda kwa kundi, mazishini kwa kundi, hata hospitali kumwona mgonjwa mmoja tunajaza wodi. Umoja ni nguvu, naam, mpaka mfike kwenye lifti ya hoteli ya Marriott Marquis Jumamosi usiku. Watu sita hawaingii. Wataingia wawili, pengine na mmoja mwembamba, waliobaki watasubiri lifti nyingine, walioingia watasubiri huko juu, na mazungumzo mliyokuja kuyasikia yataanza bila ninyi. Kundi la watu sita hutembea kwa mwendo wa yule mwenye viatu vibaya kuliko wote, hula saa ya yule anayechelewa kuona njaa, na husimama chooni mara sita.

Ieleweke kwanza mnakwenda wapi. Dragon Con ilianza mwaka 1987 na hufanyika kila mwaka mwishoni mwa wiki ya Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Haifanyiki kwenye ukumbi mmoja mkubwa, bali imetapakaa katika hoteli tano: Hyatt Regency, Marriott Marquis, Hilton, Westin Peachtree Plaza, na ile iliyokuwa Sheraton ambayo sasa inaitwa Courtland Grand. Wafanyabiashara huwekwa kwenye majengo ya AmericasMart. Hyatt, Marriott na Hilton zimeunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa yanayopita juu ya barabara. Kwenda hizo mbili nyingine ni miguu na jua. Kwenye karatasi umbali ni mdogo. Jumamosi jioni, njia ya dakika tano inaweza kukula nusu saa, maana mbele yako kuna mtu mwenye mabawa ya mita mbili na kila mpita njia anataka kumpiga picha.

Kama wenzako ni wasomaji hasa, watu wa kubishana juu ya riwaya usiku kucha na wasiojali mavazi, fikirieni Worldcon badala yake. Hiyo ni ya tangu 1939, huhama mji kila mwaka, na ndiyo inayotoa tuzo za Hugo, zilizoanza 1953; mwandishi Nnedi Okorafor aliipata mwaka 2016 kwa kitabu chake Binti. Ni ndogo kuliko Dragon Con, tulivu zaidi, na mwanachama wake hupiga kura ya tuzo. Dragon Con ni ya watu wanaotaka wingi: filamu, vitabu, vikaragosi, roboti, michezo ya mezani, wanasayansi wa kweli wakieleza habari za sayari, na ngoma mpaka alfajiri.

Sasa chumba. Vyumba vya hoteli hizo tano hugombewa tangu mwaka uliotangulia, na mara nyingi huisha siku ileile vinapofunguliwa. Mkivipata, watu wanne kwa chumba chenye vitanda viwili vikubwa ndiyo kawaida ya huko. Mkivikosa, msikate tamaa: tafuteni hoteli yoyote iliyo karibu na kituo cha treni za MARTA, iwe Midtown, Buckhead au upande wa uwanja wa ndege. Treni inaanzia ndani ya uwanja wa Hartsfield-Jackson, nauli yake imekuwa dola 2.50, na inafika kituo cha Peachtree Center kwa dakika kama 20. Kituo hicho kimechimbwa chini sana kwenye mwamba na ngazi yake ya umeme ni ndefu kweli, kwa hiyo mwenye vazi la kuburura ashike pindo mkononi. Kumbukeni tu kwamba treni hulala kabla ya tamasha kulala. Baada ya saa saba usiku mnahitaji gari la kulipia, na usiku huo bei zake hupanda, basi itieni gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wenye ndugu Atlanta wana njia ya tatu. Kitongoji cha Clarkston, mashariki ya jiji, kina familia nyingi za Wakongo, na Kiswahili unakisikia madukani. Kutoka huko mtu huletwa kwa gari mpaka kituo cha Kensington, akapanda treni mpaka Five Points, akabadilisha. Peachtree Center ni kituo kinachofuata. Ni malazi ya bure na wali wa jioni juu yake. Ila mweleze mwenyeji mapema utarudi saa ngapi na utakuwa umevaa nini. Shangazi aliyelala usingizi wa kwanza hastahili kufungulia mlango mtu mwenye pembe na uso uliopakwa rangi nyekundu saa tisa za usiku.

Fedha ndipo urafiki unapovunjikia, kwa hiyo zungumzeni bila haya. Chumba huandikishwa kwa kadi ya mtu mmoja, na hoteli hushikilia kiasi cha ziada kwenye kadi hiyo mpaka mtoke. Mtu huyo amebeba dhamana ya wote. Mchagueni mhazini, awe tofauti na mwenye kadi ikiwezekana, na kila mmoja atoe fungu lake lote kabla ya mwezi Agosti kuanza. "Nitakupa tukifika" isikubaliwe, hata kwa binamu. Amueni pia mapema nini kitatokea mtu akijitoa wiki ya mwisho. Mimi naona anayejitoa atafute wa kuchukua nafasi yake au fungu lake lipotee. Ni kali, lakini inawalinda waliobaki wasilipie kitanda cha mtu aliyebaki nyumbani. Mkiwa chumbani, gawaneni zamu za bafu kwa maandishi. Mwenye vazi la kuchukua saa mbili kuvaa huamka wa kwanza, wala hamwombi yeyote radhi kwa taa aliyoiwasha, mradi ilisemwa jana.

Beji ya kuingilia kila mtu hujinunulia. Ya siku tano ndiyo yenye maana kwa msafiri. Za siku moja zipo, zinawafaa wenyeji. Bei huwa chini kabisa mwaka mzima kabla, kisha hupanda hatua kwa hatua kadiri siku zinavyokaribia. Itunze kama noti, maana ukiipoteza usitegemee kupewa nyingine bure. Usajili hufanyika kwenye moja ya hoteli zenyewe, na anayefika Alhamisi mapema hupunguza sana adha ya foleni ya Ijumaa.

Kuhusu mavazi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo makundi mengi yanapoharibu siku kwa nia njema. Vazi la kundi ni jambo la kupendeza: safu ya walinzi wa Wakanda wakitembea pamoja, au wachawi wa shule moja, hukusanya wapiga picha papo hapo. Lakini vazi la kundi hufungisha watu. Livaeni mara moja tu, kwa saa chache, katika muda mliopanga. Siku zilizobaki kila mtu avae lake au aende na fulana. Kabla ya safari, kila vazi lifanyiwe jaribio nyumbani: tembea nalo mtaani, keti, panda ngazi, inama, kunywa maji, nenda chooni. Vazi lisilokuruhusu kwenda chooni peke yako litafanya rafiki yako akuchukie kufikia Jumamosi. Mwanzo wa Septemba Atlanta ina joto la nyuzi 30 hivi na unyevu wa pwani, ilhali ndani ya hoteli kuna baridi ya viyoyozi. Pamba na kitenge humtunza mtu kuliko plastiki na sponji. Wenye fundi cherehani nyumbani Afrika Mashariki wana bahati ya kushonewa kanzu za kichawi na majoho ya kifalme kwa gharama nafuu. Mpe fundi tarehe ya uongo, mwezi mmoja kabla ya ile ya kweli. Unamjua.

Kila siku mmoja wenu asivae vazi. Huyo ndiye msaidizi: hubeba mkoba wenye maji, pini, sindano na uzi, gundi, selotepu, plasta ya malengelenge na betri ya kuchajia simu, huwaongoza wasioona vizuri kwa vinyago, hupiga picha. Kesho yake hupokezana na mwingine. Kazi hii isiangukie mtu yuleyule siku zote kwa kuwa tu ni mpole, au kwa kuwa ni mke wa mmoja wenu.

Silaha za kweli haziruhusiwi, na za maigizo zina masharti yake. Yasomeni kabla ya kubeba upanga kwenye ndege.

Turudi kwenye kutembea. Ratiba kamili hutoka karibu na tamasha, na ina mambo mengi yanayogongana saa moja. Kila mtu achague vitu viwili kwa siku ambavyo hatavikosa kwa lolote, aviandike kwenye kundi lenu la WhatsApp. Vinavyofanana, nendeni pamoja. Visivyofanana, agana na mwenzako bila kinyongo: wewe kwa waandishi, yeye kwa Star Wars. Vikao vyenye nyota wakubwa huwa na foleni inayozunguka hoteli mpaka nje, na wahudumu hawapendi ianze mapema mno, kwa hiyo kufika saa tatu kabla hakusaidii. Kushikiana nafasi mtu mmoja kwa ajili ya watu saba ni ukorofi, na walio nyuma yenu watawaambia hivyo. Mliolala kwenye hoteli za tamasha, washeni televisheni ya chumbani. Baadhi ya vikao vya ukumbi mkubwa huonyeshwa humo, na miguu inapumzika.

Kinachowarudisha pamoja kiwe chakula. Mashabiki wa huko wana kanuni wanayoiita 5-2-1: kwa siku moja lala angalau saa 5, kula milo 2 ya kweli, oga mara 1. Kuoga mara 1 ni kiwango cha chini kabisa, na katika chumba cha watu wanne naomba kiongezwe. Lakini ile milo 2 ndiyo mhimili wa mpango wenu. Mmoja wa asubuhi chumbani: mkate, mayai ya kuchemsha, tende, karanga, maandazi mliyokuja nayo. Wa pili wa jioni, nje, watu wote, mahali palepale kila siku. Eneo la migahawa la Peachtree Center lipo katikati ya hoteli, lakini Jumamosi mchana hujaa pomoni. Kuleni kabla au baada ya saa za wenzenu. Atakayekosa mlo wa jioni bila kutuma ujumbe ndiye mtakayemtafuta. Mwingine yeyote, saa nyingine yoyote, aachwe afurahi zake.

Mahali pa kukutania pasiwe ukumbi wa chini wa Marriott. Kila mgeni hupachagua hapo kwa kuwa ndipo panapovutia: John Portman aliisanifu hoteli hiyo, ikafunguliwa 1985, wazi katikati kama koo la nyangumi, ukitazama juu ghorofa 47 zinakuzunguka. Ofisi za TVA katika tamthilia ya Loki zilipigwa picha humo. Zulia lake la zamani lilipata umaarufu wake peke yake: mwaka 2013 mashabiki wawili walikuja na mavazi ya kijeshi yaliyochapishwa michoro ya zulia hilo, wakawa hawaonekani wakisimama juu yake, na wenye haki ya mchoro wakaja juu kisheria kitambaa kilipoanza kuuzwa. Pendeni mahali hapo, papigeni picha, kisha mkutane kwingine: mlango wa jengo fulani, kona ya barabara, kitu ambacho hakihami. Mtandao wa simu huelemewa na watu wengi, na ujumbe wa "niko hapa" unaweza kukufikia baada ya nusu saa. Halafu saa zenu ziandikeni kama ratiba inavyoandika. Mkiandikiana "tukutane saa mbili", kuna atakayefika asubuhi na kuna atakayefika mchana, na wote wawili watakuwa na haki.

Jumamosi asubuhi, saa nne kwa saa zetu, kuna gwaride la mavazi kwenye barabara ya Peachtree. Halihitaji beji, na familia za jiji hujaa kando ya njia na watoto mabegani. Mwenyeji wenu wa Clarkston aje na wanawe. Fikeni mapema, upande wenye kivuli. Gwaride likiisha umati wote humiminika hotelini na kwenye maduka ya AmericasMart, kwa hiyo saa hizo ni za kulala. Ununuzi ufanyeni Ijumaa, au Jumatatu wauzaji wengine wanapotaka kurudi na mzigo mwepesi. Bebeni fedha taslimu. Saini za waigizaji nazo huuzwa, na bei yake iulizeni kabla ya kupanga mstari, maana kumfikia mtu unayempenda kisha kuhesabu sarafu mbele yake ni fedheha.

Adabu za huko ni chache na zinaeleweka. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Akikubali, sogeeni pembeni, wala msisimame katikati ya daraja. Usiguse vazi, wala mwili ulio ndani ya vazi, hata liwe limeacha nini wazi. Anayewaambia hataki, hataki. Na nyinyi wenyewe, kama yeyote atakuuliza mbona mhusika unayemwigiza ni mzungu na wewe mweusi, huna deni la maelezo kwake. Mtu mweusi aliyevaa kama Superman ni Superman. Kujipaka rangi ili kufanana na kabila jingine, hapana. Mkitaka kuwa na wenzenu, kuna Black Geeks of Dragon Con, ambao hupanga picha ya pamoja. Ulizeni mahali na saa, mkapige.

Jambo moja linalowashangaza wengi: katikati ya vurugu zote hizo kuna uchangiaji mkubwa wa damu, wenye jina la mwandishi Robert A. Heinlein. Kundi likitaka kwenda pamoja mahali pamoja, basi iwe hapo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sharti la kuzingatia: kwa kanuni za Marekani, aliyekuwa mkazi wa nchi yenye malaria husubiri miaka 3 tangu aondoke, na mkazi wa Marekani aliyekwenda huko kwa matembezi husubiri miezi 3. Aliyerudi Mombasa au Kigoma likizo ya Julai asipange foleni bure. Na anayechangia asiwe amevaa chuma, asiwe na njaa, na asiwe ndiye msaidizi wa siku hiyo.

Watu wengi hurudi na mafua. Barakoa kwenye foleni na vyumba vilivyofungwa, kunawa kabla ya kula, chupa ya maji ya mtu binafsi isiyopitishwa kinywa kwa kinywa: hayo yanatosha kupunguza. Mkiwa na mzee au mtoto mchanga nyumbani, pimeni hali zenu kabla ya kumkumbatia.

Jumatatu msikate tiketi ya ndege ya asubuhi. Uwanja wa Atlanta siku hiyo hufurika wasafiri wa sikukuu, hoteli nazo hutoa wageni wote kwa wakati mmoja, na lifti ile mnaijua. Mhazini afunge hesabu mbele ya wote, mwenye kadi arudishiwe chake papo hapo. Kama bado mnasalimiana, pangeni ya mwakani kabla hamjatawanyika, kwa sababu beji za mwaka unaofuata huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote mara tu tamasha linapomalizika.